Kabla ya Bango Kuna Kijia: Pesa za Kaunti na Utalii wa Nje Bonde la Kerio

Kwenye bajeti ya kaunti, lango la mawe lenye jina la kivutio hupita kwa urahisi. Lina mchoro, lina bei, lina mwanakandarasi, na siku ya kufunguliwa lina utepe wa kukatwa. Kijia cha kilomita kumi na mbili kinachoteremka kutoka ukingo wa bonde hadi chini hakina chochote kati ya hivyo. Ndiyo maana kaunti inayotaka kuvutia wapanda milima, waendesha baiskeli na warukaji wa paraglaida, ule mwavuli wa kuelea nao angani, huishia na lango, bango kubwa barabarani na tamasha la siku mbili, halafu mgeni aliyeshawishika na tangazo anafika na kuanza kuuliza wenyeji njia iko wapi.

Shilingi ya matangazo inafaa iwe ya mwisho kutoka. Kwanza njia, kisha ruhusa ya ardhi, kisha uokoaji, kisha matunzo ya kila mwaka, na bango baadaye. Nitachukua kaunti ya Elgeyo Marakwet, Kenya, kama mfano kwa sababu kila kitu kiko pale: Iten ukingoni, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, Bonde la Kerio zaidi ya kilomita moja chini yake, msimu wa kuruka kuanzia Januari hadi Machi, vilima vya Cherangani upande wa kaskazini, na jina ambalo wakimbiaji wa dunia nzima wanalijua tayari. Ni kaunti ya wakulima na wafugaji, yenye wadi 20, na mapato yake ya ndani ni madogo ukilinganisha na mgao unaotoka Nairobi.

Tuanze na sheria, maana ndiyo inayoamua pesa zitaelekea wapi hata kabla ya siasa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti utalii wa maeneo yao, na sera ya utalii ikabaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kwa hivyo njia ya miguu, maegesho, choo na ada ya kuingia ni kazi ya kaunti. Usalama si kazi yake. Februari 2023 serikali ya kitaifa ilipeleka wanajeshi kusaidia polisi dhidi ya wezi wa mifugo kwenye kaunti kadhaa za North Rift, yaani kaskazini mwa Bonde la Ufa, Elgeyo Marakwet ikiwemo, na hapo gavana hana cha kununua kwenye bajeti yake ya utalii. Anachoweza ni kuchagua mahali: kuweka njia za kwanza upande wa Iten na Tambach ambako barabara ya kwenda Kabarnet inapita, na kutotangaza sehemu ambazo wenyeji wenyewe wanazikwepa. Mpango unaochora ramani ya kaunti nzima kana kwamba hali ni moja kila mahali unamdanganya mgeni.

Kaunti ya Narok haina tatizo hili la mapato madogo. Ina Maasai Mara, na tangu 2024 mgeni asiye mkazi wa Kenya analipa dola 100 kwa siku katika nusu ya kwanza ya mwaka na dola 200 kuanzia Julai. Kaunti isiyo na simba haiwezi kuiga mfano huo. Hakuna atakayelipa dola 100 kuteremka genge kwa miguu, na anayejaribu kumtoza atampoteza kwa kaunti jirani.

Sasa, kwa nini lango linashinda kijia? Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, kwa kipindi cha miaka kadhaa. Kanuni za 2015 nazo zinaweka kikomo cha asilimia 35 ya mapato kwa mishahara na marupurupu. Ni kanuni nzuri, lakini tazama zinavyoigusa njia. Kuijenga ni maendeleo. Kuitunza, yaani kumlipa mtu wa kufyeka, kuzibua mitaro na kurudisha mawe yaliyoporomoka, ni matumizi ya kawaida. Ukimwajiri mtunzaji wa njia, unaongeza mzigo wa mishahara ambao tayari umebana. Basi idara inajenga, inapiga picha, na baada ya misimu miwili ya mvua njia imekuwa mfereji. Mwaka unaofuata inaomba pesa za kuijenga upya, kwa sababu kujenga upya nako huhesabiwa maendeleo.

Namna ya kutoka hapo ipo na haihitaji sheria mpya. Zabuni ya ujenzi iandikwe pamoja na matunzo ya miaka mitatu, yakilipwa kwa kipimo: kila kilomita iliyokaguliwa na kupita, mara mbili kwa mwaka. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Matunzo ya kijia ni kazi inayofaa kabisa kwa kikundi cha vijana cha kijiji ambacho njia inapita, maana vifaa ni jembe, sururu, panga, reki na toroli. Kikundi hicho kinapata mkataba, hakiingii kwenye orodha ya mishahara.

Elgeyo Marakwet ina kikwazo kingine ambacho ni chake. Mwaka 2015 ilipitisha sheria ya usawa wa maendeleo inayogawa pesa za maendeleo kwa wadi kwa kutumia fomula. Sheria hiyo imewatendea haki watu wa maeneo yaliyokuwa yakisahaulika, na sisemi ifutwe. Lakini kijia huanzia wadi ya juu, hukatiza ya katikati na kuishia ya bondeni, na kila wadi inapanga sehemu yake kivyake. Wadi ya juu ikitenga pesa mwaka huu na ya chini ikachagua zahanati, una nusu ya njia inayoishia kwenye vichaka. Njia za aina hii ziwekwe kwenye fungu la kaunti nzima tangu kwenye CIDP, ule mpango wa miaka mitano, na kila wadi ijue faida yake itatoka wapi: ya juu kwenye vyumba vya kulala, ya katikati kwenye kazi ya matunzo, ya chini kwenye chakula na usafiri wa kurudi juu.

Hapa kwenye kijia chenyewe inafaa tukae kidogo, kwa sababu ndipo makadirio mengi yanapokosewa. Vijia vya zamani vya genge la Elgeyo vinashuka wima. Ni vya watu wanaojua kila jiwe, wanaokwenda shambani au sokoni na kurudi. Kwa mgeni ni hatari, na kwa udongo ni janga, kwa sababu maji yakishaingia kwenye njia inayofuata mteremko wima hayana sababu ya kutoka. Yanakata, yanachimba, na watu wanahamia pembeni, kisha pembeni ya pembeni, hadi mlima unabaki na makovu matano badala ya njia moja.

Njia inayodumu ina wastani wa mwinuko wa asilimia 10, yaani kupanda au kushuka mita moja kwa kila mita kumi za mwendo. Popote pale isizidi nusu ya ukali wa mlima unaokatizwa: kama ubavu wa mlima una asilimia 30, njia isivuke 15. Uso wa njia uinamishwe kidogo kuelekea bondeni, kama asilimia 5, ili maji yavuke badala ya kutembea nayo. Na kila baada ya mita chache, kati ya 6 na 15 kutegemea udongo, njia inayoshuka ipande kidogo kisha iendelee kushuka, ili hata maji yaliyoponyoka yatoke pale. Mfanyakazi mwenye klinometa, kifaa cha kupima mwinuko, anaipanga njia hii kwa vijiti na utepe kabla jembe halijagusa udongo. Mwanakandarasi aliyezoea barabara ataleta greda, atakata upana wa mita tatu, atamwaga kifusi upande wa chini, na mvua ya kwanza itakibeba hadi shambani kwa mtu. Upana wa mita moja unatosha kwa watembeaji.

Fanya hesabu. Kutoka mita 2,400 hadi 1,200 ni kushuka mita 1,200. Kwa wastani wa asilimia 10 hiyo ni njia ya kilomita 12. Karani anayepima kwa rula kwenye ramani ataona kilomita tatu au nne na kuandika bajeti ya kilomita nne. Pesa zitaisha theluthi ya kwanza, na kilichobaki kitateremshwa wima ili mradi uonekane umekamilika. Kwa mikono, mfanyakazi mmoja kwenye ubavu wa mlima hukamilisha mita tatu hadi sita kwa siku, udongo ukiwa wa wastani. Chukua mita tano: kilomita 12 ni siku-kazi 2,400, yaani watu 30 kwa siku 80. Ni miezi mitatu hivi ya ujira kwa vijiji vitatu au vinne, na pesa hizo zinabaki humohumo. Kwa upande wangu hii ndiyo sehemu bora ya mradi mzima, kabla hata mgeni wa kwanza hajafika.

Mahali penye mawe au genge tupu hesabu hiyo haifai. Pakadiriwe peke yake, na kama kuna ukuta wa kupita kwa ngazi au kwa kamba, mtu wa fani hiyo aitwe, si fundi wa kujenga madarasa.

Ardhi sasa. Sehemu kubwa ya ukingo ni mashamba ya watu, chini kuna ardhi ya jamii, na katikati kuna misitu. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa mzee wa boma hudumu mpaka shamba lirithiwe au liuzwe. Kisha unakuja ua wa nyaya na pesa zote zimelala ndani yake. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaruhusu haki ya kupita iandikishwe ili imfunge hata mmiliki anayekuja, na hilo lifanyike kabla ya zabuni, mwenye shamba akilipwa kiasi cha kila mwaka kilichoandikwa. Kwenye ardhi ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka makubaliano ya uwekezaji yapitishwe na theluthi mbili ya watu wazima kwenye mkutano wa jamii. Msituni unazungumza na Huduma ya Misitu na chama cha jamii cha watumiaji wa msitu huo. Kazi hii ni ya miezi, haina picha nzuri, na kwenye bajeti haina jina. Iwekewe fungu lake, la mpima ardhi, wakili na mikutano, mwaka mmoja kabla ya ujenzi.

Uokoaji ndio unaosahaulika zaidi, na hapo siko tayari kujadiliana. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba kwenye korongo la Hell's Gate, Nakuru, mbuga ya kitaifa yenye lango, tiketi na waongozaji. Mvua iliyojaza korongo haikulazimika kunyesha juu ya vichwa vyao. Kwenye korongo jembamba maji hutoka mbali, na aliye chini huyaona yakiwa yameshafika. Aprili 2020 tope na mawe viliporomoka na kufagia soko la Chesegon, mpakani mwa Elgeyo Marakwet na Pokot Magharibi. Kaunti inayoalika watu kwenye mlima wa namna hii lazima iwe na mtu mmoja, mwenye jina na simu, ambaye ana mamlaka ya kufunga njia asubuhi hiyo bila kungoja barua kutoka makao makuu. Kipimamvua juu ya genge na daftari la kila siku vinampa msingi wa kuamua.

Kuhusu aliyeumia, fikiria kifundo cha mguu kilichovunjika kilomita sita kutoka juu. Machela hubebwa na watu sita kwa zamu, na kwa umbali wowote unaozidi kilomita moja na nusu unahitaji kama watu 18 ili wapokezane. Helikopta si jibu la kila siku. Kwa hiyo machela tatu ziwekwe, juu, katikati na chini, na katika kila kijiji cha njiani kuwe na watu waliopata angalau mafunzo ya saa 16 ya huduma ya kwanza porini, wakilipwa kwa kila mwito. Njia iwekwe nguzo za namba kila mita 500: kilomita 12 ni nguzo 24. Mgeni anayepiga simu akiwa amechanganyikiwa hawezi kueleza yuko wapi, lakini anaweza kusoma "14". Nguzo hizi ni nafuu kuliko bango moja la barabarani.

Joto nalo lina mtego wake. Mgeni anaondoka Iten asubuhi ya baridi amevaa sweta, na saa tano baadaye yuko bondeni ambako joto linaweza kupita nyuzi 30. Kushuka hakujamchosha sana, basi anaamua kurudi kwa miguu saa nane mchana. Hapo ndipo watu huanguka. Lita tatu za maji kwa kila mtu ziandikwe kwenye kibao cha mwanzo wa njia, na kuwe na gari la kurudi juu linalojulikana saa zake, hata kama ni matatu ya kawaida iliyoingia makubaliano na kaunti. Warukaji wa paraglaida wana haja hiyohiyo: wakishatua bondeni wanataka kurudi juu wajaribu tena kabla upepo wa mchana haujazidi. Kwao kaunti haihitaji kujenga jengo lolote. Wanahitaji uwanja wa kutua uliokubaliwa na mwenye shamba, usio na waya za umeme wala mihogo ya mtu, soksi ya upepo juu na chini, na gari. Mambo ya anga na leseni ni ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kaunti isijitwishe.

Kuna kivutio kingine ambacho kilikua kwa juhudi za vijana wenyewe: Cheploch, pale mto Kerio unapopenya kwenye mawe membamba mpakani na Baringo, na vijana wanaruka kutoka juu ya genge kuingia majini wasafiri wakitazama darajani. Kishawishi cha idara yoyote ni kujenga mkahawa na ukumbi. Ukiwauliza wanaoruka, tatizo liko chini ya maji. Kerio ni mto wa udongo mwingi, na baada ya mafuriko mchanga na magogo huhama, dimbwi lililokuwa na kina jana si lazima liwe nacho leo. Kinachohitajika ni kamba yenye uzito na alama za kila nusu mita, kipimo kinachochukuliwa kila asubuhi na kila baada ya mvua, ubao unaoonyesha kina cha siku hiyo, maboya mawili ya kurushia na bima ya kikundi. Gharama yote hiyo haifikii ya msingi wa ukumbi. Na mgeni asiruhusiwe kuruka, awe amelipa kiasi gani.

Halafu mapato. Kifungu cha 207 cha Katiba kinasema pesa zote zinazokusanywa na kaunti ziingie kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti, isipokuwa zile ambazo sheria ya Bunge imezitenga. Maana yake ada ya shilingi kadhaa iliyolipwa kwa simu pale mwanzoni mwa njia haibaki pale kununua jembe. Inakwenda kapuni, na inarudi tu ikipangwa kwenye bajeti na kuidhinishwa kutolewa. Mtunzaji wa njia anaona wageni wanaongezeka na pesa ya panga haipo, anakata tamaa, na wakati mwingine anaanza kutoza mkononi. Kaunti ina njia mbili za halali. Moja ni kuanzisha mfuko maalum chini ya kifungu cha 116 cha ile Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, kwa idhini ya bunge la kaunti, na mfuko huo utengewe kiasi kinacholingana na kilichokusanywa njiani. Nyingine ni kuacha kutoza kiingilio kabisa na kuwaacha wenyeji wapate kwa uongozaji, malazi na chakula. Kwa njia inayopata wageni wachache kwa siku, ya pili naiona bora, kwa sababu mshahara wa mkusanya ada unaweza kuzidi anachokusanya.

Hata hivyo wageni wahesabiwe. Kihesabio cha miale kinachofungwa kwenye mti hufanya kazi kwa betri kwa miezi, lakini kiwekwe mahali penye upana wa mtu mmoja, mbali na kisima, la sivyo kitahesabu mbuzi. Kila mwezi mtu akae pale saa chache, ahesabu kwa macho, na tofauti irekebishwe. Bila tarakimu hizo, mwakilishi wadi anayeuliza pesa zilileta nini atajibiwa kwa maneno matupu, na atakuwa na haki ya kuzikata.

Matangazo yakifika zamu yake, yanunue vitu vichache: ramani na faili ya njia inayopakuliwa kwenye simu, picha za kweli za misimu yote miwili, ukurasa unaosema leo njia iko wazi au imefungwa, na nambari ya simu inayopokelewa. Mgeni wa kuruka au kupanda hachagui mahali kwa kuona bango. Anachagua kwa kusoma alichoandika mwenzake aliyekwenda kabla yake, na huyo ataandika habari za njia, choo na jinsi alivyosaidiwa.

Kalenda ndiyo inayoua miradi hii kimyakimya. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mgao kutoka Hazina Kuu mara nyingi huchelewa, zabuni zinarundikana, na kufika Mei na Juni kila idara inakimbia kutumia kabla hesabu hazijafungwa. North Rift huo ni wakati wa mvua, na mvua inaendelea hadi Agosti. Kijia kilichokatwa kwenye tope hakishikani, kinateleza chote pamoja. Kazi ianze Oktoba, udongo ukiwa bado na unyevu lakini mvua kubwa imepungua, ili njia iwe imekauka na kukanyagwa ifikapo Januari. Ili pesa ziwepo Oktoba, pendekezo linatakiwa liwe ndani ya mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao kaunti huwasilisha kwa bunge lake kabla ya Septemba 1 ya mwaka uliotangulia. Vikao vya maoni ya umma kuhusu mpango huo ndivyo vya kuhudhuria, ukiwa na karatasi yenye urefu halisi wa njia, majina ya mashamba yanayopitwa na gharama ya matunzo ya miaka mitatu. Pendekezo linaloletwa Aprili, makadirio yakiwa tayari yanaelekea bungeni, hupata nafasi tu ikiwa mradi wa mtu mwingine utakatwa.